Vazi la Arusi

Masomo: Mwanzo 3:7 na 21, Mathayo 22:1–14



Katika kurasa hizi mmezoea kusoma maneno ya mapadre wetu. Sisi si padre wala shemasi. Tulisomea ualimu chuoni miaka ya 1980, tukashika chaki mpaka siku ya kustaafu, na sasa tu wazee wenye miwani na shamba dogo la michungwa. Lakini Padre ametuomba tuandike, na mwalimu hata akistaafu hakatai akiitwa ubaoni. Basi tutawaeleza habari ya gauni moja, na yale tuliyojifunza tulipokuwa tukilishona.

Marehemu kaka yetu alituachia binti mmoja. Tulimlea sisi na dada yetu mkubwa, naye hutuita sote wawili shangazi. Alipofika sekondari karo ilitushinda, tukauza cherehani yetu. Ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, na iliyashona mavazi ya nyumba yetu yote, lakini hatukujuta, kwa kuwa mtoto alimaliza kidato cha nne.

Kisha binti akaenda kuishi na kijana wa kijiji cha pili bila ndoa ya kanisani. Ndugu wapenzi, hapa hatuna budi kusema kweli, maana hakuna faida ya kuandika katika jarida la kanisa kama tutajipamba. Tulimtumia salamu kwamba asivuke kizingiti chetu mpaka apite altareni kwanza. Tulidhani tunamtetea Mungu. Alizaa mtoto wa kwanza, hatukwenda kumwona. Alizaa wa pili, tukasikia habari kwa watu. Na kila Jumapili sisi tulikuwa benchi la mbele, tukipokea Ekaristi Takatifu, tukirudi mahali petu na moyo mtulivu.

Miaka sita ilipita hivyo. Siku moja tukakutana katika msiba, kule nyuma ambako akina mama walikuwa wakichambua mchele. Mtoto wa kike mdogo akaja mbele yetu, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo bibi." Tukamwitikia, "Marahaba, mjukuu wangu. Wewe mtoto wa nani?" Akataja jina la mama yake. Mchele ulitutoka mikononi.

Jioni ile tulimwita binti yetu kando tukamwuliza kwa nini hawajafunga ndoa. Tulitazamia jibu la ukaidi. Alijibu kwa sauti ndogo, "Shangazi, tulikuwa tunangoja fedha ya shela." Mahari ilikuwa imekwisha kutolewa. Kijana alikuwa tayari tangu mwaka wa kwanza. Lakini kila walipokaa kuhesabu, walihesabu kukodi gauni kwa siku moja, suti, gari la kupambwa, ukumbi, keki, mpiga picha, chakula cha wageni mia mbili, na kadi za michango ambazo hawakuwa na sura ya kuwapelekea watu. Kila mwaka walisema, machungwa yakilipa. Na kila mwaka machungwa yalilipa deni la mwaka uliopita. Hivyo watu wawili waliobatizwa na kupata Kipaimara walikaa miaka sita mbali na Meza ya Bwana kwa sababu ya nguo.

Sisi na dada yetu hatukulala usiku ule. Asubuhi dada yetu alisema neno moja tu: "Tutamshonea." Tukamkumbusha kwamba cherehani tuliuza. Akainua mikono yake miwili, akasema, "Hizi hatukuuza."

Hapo, wasomaji wapendwa, tuifungue Biblia. Mshono wa kwanza tunaousoma katika Maandiko uko katika Mwanzo 3:7. Adamu na Hawa walipokwisha kukosa walishona majani ya mtini. Nani aliwafundisha? Aibu. Walishona wapate kujificha, na kila mkulima ajua jani lililochumwa hukaa muda gani kabla halijanyauka. Lakini ukiendelea hadi aya ya 21 utaona ajabu kubwa: Bwana Mungu mwenyewe aliwafanyia mavazi akawavika. Alikuwa amekwisha kuwahukumu, na kabla ya kuwatoa bustanini akawavika. Hakuwaambia, jivikeni kwanza ndipo mje mbele yangu.

Basi kuna namna mbili za vazi. Liko vazi ambalo mtu hujishonea ili asionekane alivyo, na liko vazi ambalo mwingine humvika kwa upendo. Tulipotazama gharama za arusi za siku hizi tukaona kwamba nyingi ni majani ya mtini. Twakodi gari ili watu wasijue kwamba hatuna gari. Twachangisha wageni mia mbili ili jirani asiseme tulikuwa na hamsini. Na sisi wawili, katika benchi la mbele, tulikuwa na jani letu pia: tuliuficha ugumu wa moyo wetu nyuma ya neno heshima.

Tulianza kazi Jumatano ya Majivu. Padre alikuwa amekubali kuitangaza ndoa baada ya Pasaka, kwa Jumapili tatu kama ilivyo desturi yetu, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka notisi ya siku 21. Tulinunua Tanga satini nyeupe, kitambaa cha bitana, lesi kidogo ya kifuani, uzi na vifungo. Kwa mshangao wetu vyote pamoja havikufika nusu ya bei ya kukodi.

Kanisani altare ilikuwa imevikwa zambarau ya Kwaresima, na nyumbani mapajani mwetu palikuwa peupe. Kila jioni tulitandika shuka safi juu ya mkeka, tukanawa mikono kwa sabuni, tukasali Baba Yetu, ndipo tukashika sindano. Zamani chuoni, katika kazi za mikono, tulifundishwa kwamba uzi usizidi urefu wa kutoka vidole mpaka kiwiko, kwa kuwa uzi mrefu hujifunga mafundo, na mvivu anayetaka kuokoa muda hupoteza muda mwingi zaidi kwa kufundua. Tulifundishwa kuupitisha uzi katika nta ya nyuki uwe na nguvu. Tena tulifundishwa mshono wa kurudi nyuma: sindano huenda mbele hatua moja, hurudi nusu, ndipo huendelea. Anayetazama atasema huyu hasongi. Lakini katika mishono ya mkono huo ndio ushikao kuliko mingine, na hata uzi ukikatika mahali pamoja mshono wote haufumuki. Ndipo tukawaza: je, toba si hivyo? Mkristo asiyekubali kurudi nyuma hata hatua moja, akasema nimekosa, mshono wake ni wa haraka, nao hufumuka siku ya kuvutwa.

Sasa tuwaambie mambo matatu yaliyotupata katika kazi hii.

Jambo la kwanza ni macho. Macho yetu hayaoni tena tundu la sindano, hata kwa miwani. Jioni ya pili tulihangaika mpaka tukakata tamaa. Binti yetu alikuwa amekuja kupimwa, amemleta yule mtoto wa msibani, mwenye miaka mitano. Mtoto akanyosha mkono akasema, "Lete, bibi." Akatunga uzi mara moja. Tangu siku ile alikuja kila jioni, akatutungia sindano sita, saba, akazichomeka katika mto mdogo kwa safu, zitutoshe mpaka usiku. Ndugu, mtoto ambaye hatukwenda kumwona alipozaliwa ndiye aliyekuwa macho yetu. Gauni lile lisingalishonwa bila yeye. Wakati mwingine twamhesabu mtu kuwa ndiye ushahidi wa kosa la mzazi wake, kumbe Mungu amemweka awe msaada wetu.

Jambo la pili ni magoti. Mnajua pindo la gauni refu hupimwaje. Haiwezekani kulipima ukiwa umeketi kitini, wala mwenye kulivaa hawezi kujipimia. Lazima avae, asimame wima, na mshonaji apige magoti sakafuni, amzunguke polepole akitia pini, akitazama miguu yake. Siku ile tulipiga magoti sisi wawili, wazee, mbele ya binti ambaye tulimkataza kizingiti. Hatukuwa tumepanga kusema lolote. Lakini mtu akiwa chini namna ile, maneno ya juu humtoka. Dada yetu ndiye aliyeanza. Alisema, pini zikiwa bado mkononi, "Mwanangu, tulikukosea. Tulikufungia mlango." Binti akainama akataka kutuinua, akisema, "Hapana, shangazi, mimi ndiye niliyewakosea." Tukamwambia asimame sawasawa, pindo lisije likaenda upande. Tulicheka na kulia pamoja, na pindo tulilirudia kesho yake, kwa maana lilikwenda upande kweli.

Kumbukeni Bwana wetu Yesu Kristo katika Yohana 13, jinsi alivyoshuka mpaka kwenye miguu ya wanafunzi wake. Miaka mingi tuliisoma habari hiyo Alhamisi Kuu, na tulidhani inahusu maji na kitambaa. Sasa twajua inahusu mahali pa kukaa. Kuna mambo ya ndugu yako ambayo hutayapima sawa ukiwa juu yake.

Jambo la tatu ni doa. Juma la tano la Kwaresima, dada yetu alikuwa akishona lesi kifuani. Subana hakuvaa, alisema yamzuia kusikia kitambaa. Sindano ikamchoma, na tone la damu likaanguka juu ya satini, mahali ambapo kila mtu angeliona. Walimu wa sayansikimu wajua: damu mbichi hutolewa kwa maji baridi, upesi, wala usitie maji ya moto, kwa maana moto huifanya ishike katika kitambaa. Tulichovya pamba katika maji ya mtungi tukagonga taratibu bila kusugua, mara nyingi, mpaka doa likatoka.

Lakini usiku ule neno lilitukaa moyoni. Maana siku zile zile mama mmoja mwenzetu, mtu mwema wala si adui, alikuwa ametuuliza kama ni halali mwanamke mwenye watoto wawili kuvaa nyeupe. Hatukuweza kumkasirikia. Sisi wenyewe tulikuwa tukisema hivyo zamani, na tulipata kumfanya bibi arusi mmoja avae nguo ya rangi, akapita mlango wa upande. Mungu atusamehe. Hata binti yetu mwenyewe aliuliza, "Shangazi, mimi nivae nyeupe? Watu watasemaje?"

Tulichunguza. Hakuna amri katika Biblia kwamba bibi arusi avae nyeupe. Desturi hii ilienea baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa tarehe 10 Februari 1840 katika gauni la satini nyeupe, lenye lesi iliyofanywa kwa mikono na wanawake wa Devon. Kabla ya hapo mabibi arusi wa Ulaya walivaa rangi nyingi, kila mtu nguo yake iliyo bora. Na huku kwetu Pwani wazee wetu walimpamba bibi arusi kwa kisutu, kanga yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, wala ndoa zao hazikupungua kitu. Nyeupe si sheria, wala si cheti cha mwenendo.

Tukampelekea Padre swali lile. Hakutujibu kwa maneno mengi. Alituuliza, "Mkija kupiga magoti mbele ya altare, ni nani kati yenu huja na weupe wake mwenyewe?" Tukanyamaza. Kisha akatutuma tusome Ufunuo 7:14. Huko twasoma habari za watu wenye mavazi meupe, na mavazi yao yamekuwa meupe kwa kufuliwa katika damu ya Mwana-Kondoo. Sisi tuliotoka kugonga doa kwa maji ya mtungi tulishangaa. Damu yote tuijuayo hutia doa. Damu moja tu ndiyo itoayo. Weupe wa mbinguni ni weupe wa nguo zilizofuliwa, si wa nguo ambazo hazijawahi kuchafuka. Kama nyeupe ingekuwa haki ya wasiokosa, basi dada yetu na sisi tungepaswa kwenda kanisani tumevaa magunia.

Pengine mtu atauliza habari ya mgeni yule wa Mathayo 22, aliyekutwa bila vazi la arusi akatolewa nje. Je, hakutolewa kwa sababu ya nguo? Angalieni vizuri. Mfalme alikuwa ametuma watumishi njia panda wakusanye wote waliowaona, wabaya kwa wema. Watu waliookotwa njiani hawakupata nafasi ya kukodi mavazi. Wengi wafundishao Maandiko wameeleza kwamba vazi lile ni neema, ambayo mwenye arusi huwapa wageni wake. Kosa la mtu yule halikuwa umaskini. Alitaka kuketi karamuni kama alivyo, asivikwe. Na alipoulizwa hakuwa na neno. Ndugu, tuogope zaidi kukataa vazi tupewalo kuliko kukosa vazi la kununua.

Arusi ilifungwa juma la tatu baada ya Pasaka, katika Misa ya asubuhi ya Jumapili, mbele ya waumini wote kama kawaida. Hakukuwa na kadi wala ukumbi. Binti alitembea kwa miguu kutoka nyumbani kwetu, akivuka kizingiti kile kile. Yule mtoto alitangulia ameshika mshumaa. Baada ya kuapa na kuvishana pete, bibi na bwana walipiga magoti wakapokea Mwili na Damu ya Bwana kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita. Tulitazama pindo la gauni sakafuni. Upande wa kushoto lilikuwa limepanda kidogo, kiasi cha upana wa kidole. Hakuna aliyeliona ila sisi. Baada ya Misa tulikula wali, maharage na machungwa chini ya mwembe wa kanisa.

Tuseme tena jambo moja la ufundi. Tulipokata kitambaa tuliacha sentimita tatu nzima kila upande wa mshono kwa ndani, zaidi ya desturi, ili gauni liweze kupanuliwa. Binti yetu alipojua, alilifua, akalikunja, akalileta kwa Umoja wa Akina Mama, akasema, "Yupo mwingine anayengoja fedha ya shela." Hadi leo wamelivaa mabibi arusi watatu wa mtaa wetu. Kila mara twafumua kidogo na kushona upya, pindo twalishusha au twalipandisha, nasi twapiga magoti tena. Hakuna anayelipa kitu.

Basi, wapenzi, tunawasihi mambo haya. Ninyi vijana mnaoishi pamoja mkingoja fedha: njoni kwa Padre juma hili. Kwa arusi kanisa lataka hiari yenu wawili, matangazo, mashahidi, na nia ya kukaa pamoja mpaka kifo. Halikuwatakia keki. Ninyi wazazi na wajumbe wa kamati za arusi: pimeni kama mzigo mnaoufunga ni wa Kristo au ni wa majirani. Na sisi tuliozoea benchi la mbele, tujiulize ni nani tuliyemfungia mlango kwa jina la Mungu, na kama si wakati wa kwenda kumgongea wake. Akina mama mnaojua sindano, kumbukeni Tabitha wa Yafa, katika Matendo 9. Alipokufa, wajane hawakueleza sifa zake kwa maneno tu. Walionyesha nguo alizowashonea. Je, tukifa sisi, watu wataonyesha nini?

Tuombe. Ee Baba, uliyewavika wazazi wetu wa kwanza walipokuwa na aibu, utuvue majani yetu ya mtini. Utuvike Mwanao. Utupe mikono ya kuwashonea wengine na magoti ya kuwapimia, hata siku ile tutakapoingia sote katika karamu ya arusi ya Mwana-Kondoo, tumevaa ulichotupa wewe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.